Pakiti ya stempu za Korea kwa laki moja: nimezipitia moja moja

Niseme mapema, mimi si mtaalamu wa stempu. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko karibu na Old Taxi Park hapa Kampala, na aliyeniingiza kwenye haya mambo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, miaka 15, ambaye Korea aliijulia kwenye zile drama ma-VJ wanatafsiri kwa Kiluganda, kutoka huko akahamia kwa BTS, lile kundi la muziki la Korea, na mpaka leo hajarudi. Siku moja ananiambia, "Mjomba, unajua BTS wako kwenye stempu? Stempu ya serikali kabisa." Nkamwambia acha uongo wewe, stempu ni ya marais na ndege. Akatoa simu akanionyesha. Kumbe kweli.

Basi nkaingia mtandaoni, nkampata muuzaji mmoja wa hukohuko Korea, jina lake nalihifadhi, mbele utaona kwa nini. Anauza pakiti: stempu za ukumbusho 50, "zote tofauti" (shika hayo maneno), kuanzia miaka ya 1950 mpaka za juzijuzi, na juu yake karatasi nzima ya BTS ambayo haijachanwa. Dola 28, usafiri humohumo. Kwa hela yetu laki moja na kidogo. Dada yangu aliposikia alinitazama kama mtu aliyenunua hewa, lakini nilishalipa.

Wiki sita zikapita, nimeshasahau, ndo bahasha ikaingia kwenye sanduku la posta la dada. Kwa upande wa kufunga, huyo jamaa nampa zote: kadibodi mbili zimebanwa, katikati vimfuko vya plastiki, stempu zimelala ndani hata kona moja haijapinda. Na nje ya bahasha hakubandika karatasi ya kompyuta kama wengi, alibandika stempu kweli, tano, na muhuri umegonga pembeni vizuri bila kuziharibu picha. Hizo tano nimeziweka pia, kwa hio ukitaka kuhesabu kiswahiba nilipata 55.

Faida ya kuwa fundi simu ni kwamba vifaa vyote ninavyo. Kibano cha kushikia skrubu ndogo, lenzi ya kuangalia bodi, taa nyeupe. Stempu usiishike na vidole, mafuta ya mkono yanaacha alama, na ukiwa umetoka kula rolex, ile chapati yetu ya mayai, ndo kabisa. Nikasubiri jioni wateja wamepungua, nikatandika kitambaa safi, nikaanza.

Ya kwanza kuniangusha ilikuwa stempu ndogo ya zamani, karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na pembeni imeandikwa 4291. Nkadhani ndo bei. Hapana, bei iko upande mwingine. Nkadhani ni namba ya kiwanda. Nimezunguka na hio kitu usiku mzima mpaka nikaja kujua kwamba ni mwaka! Wakorea Kusini walikuwa na kalenda yao inayohesabu kutoka kwa Dangun, yule babu ambaye simulizi zao zinasema ndo alianzisha taifa, mwaka 2333 kabla ya Kristo, na serikali iliitumia rasmi kuanzia 1948 mpaka mwisho wa 1961. Kwa hio unachukua 4291 unatoa 2333 unapata 1958. Fikiria hio. Nchi imetoka vitani juzi, 1953, imegawanyika katikati, haina kitu, na kwenye kikaratasi cha kubandika barua inakwambia sisi tumekuwepo miaka elfu nne na ushee. Haijasema kwa maneno, imeweka tarehe tu. Hapo ndo nilianza kuelewa kwamba hizi stempu ukizitazama kama picha tu utapitwa na mengi.

Hata pesa zinasema. Ukikuta imeandikwa hwan, ujue ni ya kati ya 1953 na 1962, kabla ya kurudi kwenye won. Za siku hizi zina namba peke yake, mfano 430, basi, hakuna hata jina la pesa. Hio 430 ndo ilikuwa bei ya kutuma barua ya kawaida ndani ya nchi mwaka 2023.

Alama zenyewe sasa. Kuna ambazo zinarudi rudi. Ule mviringo wa bendera yao, wanauita taegeuk, nyekundu juu na bluu chini zimekumbatiana, na zile mistari myeusi ya kwenye kona nne: mbingu, ardhi, maji, moto. Kuna ua la mugunghwa, ambalo ni ndugu wa haya mahibiskasi yetu ya kwenye uzio wa nyumba, yaani ukipita Ntinda au Muyenga unaliona ukutani halafu huku kwao ni ua la taifa, na jina lenyewe lina maana ya kutokuwa na mwisho. Linachanua asubuhi jioni linanyauka, kesho jingine limetoka. Nimeipenda hio, kuchagua ua linalokufa kila siku kuwa alama ya kutokufa.

Halafu kuna korongo. Hapa nilikaa sana, manake mimi Mganda wa Busia, korongo wetu mwenye taji yuko kwenye bendera, amenyanyua mguu mmoja, tangu shule ya msingi tunamchora. Korongo wao ni mweupe, shingo nyeusi, na manyoya meusi ya mabawa yanayofunika mkia, kichwani kidoa chekundu kama mtu alimgonga muhuri. Kwao ni mmoja wa vile vitu kumi vya maisha marefu, pamoja na jua, mlima, maji, mwamba, wingu, msonobari, kobe, paa na uyoga fulani wa kutoa uhai. Sarafu yao ya won 500 pia iko na korongo huyo. Kwa hio akikutokea kwenye stempu ya mwaka mpya usidhani msanii alipenda ndege, hio ni dua: uishi uzeeke. Ninayo moja, korongo wawili wanaruka juu ya msonobari, mandhari yote imeachwa nyeupe tupu. Karibu nusu ya stempu haina kitu. Msanii wetu angeweka hapo twiga na mlima na jua linazama na jina la waziri.

Sisemi hivo kwa dharau, nimekulia na stempu za Uganda zenye Mickey Mouse. Walio na umri wangu mnazijua, miaka ya tisini, stempu imeandikwa Uganda halafu ndani ni katuni za Marekani, zilichapwa kuuzwa kwa wakusanyaji wa nje. Nzuri kwa rangi, lakini zinahusiana nini na sisi? Za Korea, hata ile mbaya kabisa kwenye pakiti, bado ni ya kwao.

Kuna mzee mmoja jirani wa kibanda, anauza magazeti ya zamani na vitabu, ujanani alifanya kazi posta enzi za East Africa moja. Kiswahili chake ni kile cha zamani kizuri, si hiki changu cha stendi. Nilimpelekea pakiti akavaa miwani. Nikamwonyesha ya 1984, ya kuadhimisha miaka 100 ya posta ya Korea, nikamsimulia niliyosoma: kwamba posta yao ya kwanza ilifunguliwa 1884, stempu za kwanza zikatoka Novemba mwaka huo zikiwa zimechapwa Japani, na haikumaliza wiki tatu. Mwanzoni mwa Desemba walifanya karamu ya kuifungua ofisi, na kwenye karamu hiyohiyo kikundi cha vijana waliotaka mageuzi wakafanya mapinduzi. Mkuu wa posta mwenyewe, Hong Yeong-sik, alikuwa mmoja wao. Mapinduzi yakashindwa ndani ya siku tatu, yeye akauawa, posta ikafungwa. Walikuwa wameagiza aina tano za stempu, mbili tu ndo zilifika kutumika, tatu zilitua wakati posta haipo tena.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, karamu ya posta ikazaa mapinduzi! Sisi kwenye karamu tuliishia kugombania soda."

Posta yao haikurudi mpaka 1895. Hapo mzee akanyanyua kidole. "Ngoja. 1895? Mwaka huohuo hapa Mengo mmisionari Millar alikuwa anapiga stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta, bei kwa kauri." Na ni kweli kabisa, stempu za kwanza za nchi hii zilikuwa vikaratasi vilivyopigwa mashine ya kuandikia, thamani yake ikihesabiwa kwa simbi za kauri. Kwa hio mwaka mmoja, Seoul wanapokea stempu zenye taegeuk zilizochapwa Washington, na Mengo mtu mmoja yuko mezani anapiga taka taka taka, U, G, namba, mstari. Stempu za Millar hazikuwa na picha yoyote na leo ndo ghali kuliko zote zetu.

Tukaongea pia ile ya 1902, ambayo kwenye pakiti haimo (kwa dola 28 ungetaka nini). Hio ndo stempu ya kwanza ya ukumbusho ya Korea, kuadhimisha miaka 40 ya utawala wa Mfalme Gojong. Wakati huo Waingereza huku Uganda walishatuwekea sura ya Malkia Victoria tangu 1898. Wakorea wao hawakuweka sura ya mfalme, waliweka kofia yake ya utawala, basi. Kofia bila kichwa. Mimi naisoma kama heshima, kwamba uso wa mfalme haugongwi muhuri na karani. Lakini ukijua kilichofuata inakuwa kitu kingine: 1905 Japani ikaichukua posta yao, 1907 Gojong akalazimishwa kuachia kiti, 1910 nchi nzima ikamezwa. Ile kofia tupu sasa inaonekana kama ilijua.

Na hapa ndo nimefika kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu kinafanya hizi stempu zistahili laki moja. Serikali inachapa ukumbusho ikidhani imeshafunga hesabu ya jambo, halafu jambo linageuka, na stempu imeshatoka, imeshabandikwa, iko kwenye madroo ya watu. Huwezi kuiita nyumbani. Nchi nyingi ziko hivo lakini Korea imepitia mageuzi mengi kwa muda mfupi, kwa hio pakiti yao ni kama kumbukumbu za mtu aliyebadilisha mawazo mara nyingi na hakuweza kuchoma barua zake.

Angalia 1946. Japani imeondoka Agosti 1945, stempu mpya hazipo, wanachukua za Kijapani zilizobaki wanazigonga maandishi ya Kikorea juu na bei mpya. Mei ndo zinatoka zao za uhuru, na picha ni familia na bendera. Miaka minne baadaye vita vinaanza na familia kama hio mmoja yuko kaskazini mwingine kusini.

Za Olimpiki ya Seoul 1988 ziko saba kwenye pakiti na nitazipitia haraka kwa sababu zimejaa duniani. Kitu cha kutazama ni bei, imeandikwa 80+50, yaani 80 ndo ya posta na 50 ni mchango wa kuandaa michezo, unachangishwa bila kujua kama harusi za Kampala. Yule chui-milia mdogo Hodori, kikatuni cha michezo hiyo, amevaa kofia ya wacheza ngoma wa vijijini yenye utepe mrefu, na utepe umejikunja kuwa herufi S, ya Seoul. Mpwa wangu hakuiona mpaka nilipomwonyesha na lenzi. Mimi za 1988 zinanikumbusha Wangila wa Kenya na dhahabu yake ya ngumi, baba alikuwa anasimulia kila Krismasi.

Dokdo nimepata moja, ya Januari 2004. Ukiitazama bila habari utasema stempu ya mazingira: ndege wa baharini, mwamba, mawimbi. Mfululizo mzima ni minne, mimea miwili na ndege wawili. Lakini Dokdo ni vile visiwa vya mawe ambavyo Korea inavishikilia na Japani inasema ni vyake, inaviita Takeshima. Japani ililalamika kabla hazijatoka. Siku zilipotoka watu walipanga foleni na stempu milioni 2.24 zikaisha ndani ya masaa. Na haikuwa mara ya kwanza, 1954 walishatoa za visiwa hivohivo na Japani ikapinga vilevile. Ujanja wa hii ya 2004 ni kwamba haikuweka bendera wala askari. Iliweka shakwe. Nani atagombana na shakwe? Na bado kila mtu alielewa. Mimi natokea Busia, na Migingo ile pale ziwani sisi na Wakenya tumeigombania miaka, jiwe lenye mabati juu, kwa hio hio lugha ya mwamba mdogo na kiburi kikubwa naielewa bila mkalimani.

Sasa ile ambayo nimeiweka peke yake kwenye mfuko wake. Februari 2005, bei 220. Kwa lenzi unaona kivuli cha mtu kwenye kiti cha magurudumu, halafu mtu huyohuyo anainuka, anaruka, na mwisho anamkumbatia mwenzake aliyesimama. Hatua kwa hatua, kama zile picha za kitabu ukipeperusha kurasa zinatembea. Jamani ni nzuri. Hata kama hujui kusoma herufi moja ya Kikorea umeelewa: huyu alikuwa hatembei, sasa anatembea. Ilitolewa kumsherehekea mwanasayansi Hwang Woo-suk ambaye mwaka uliotangulia alitangaza kwamba amepata seli shina, zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine mwilini, kutoka kwenye kiinitete cha binadamu kilichotengenezwa maabara, na nchi nzima ilimbeba juu kama mchezaji aliyefunga goli fainali. Januari 2006 uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul ukatoka: data zilitungwa. Jarida la Science likafuta makala zake. Posta ikaondoa stempu zilizobaki sokoni.

Lakini zilizouzwa zimeuzwa. Na mimi hapa Kampala ninayo moja, na shida yangu ni kwamba kuchorwa kwake hakuna kosa. Mchoraji alifanya kazi yake kuliko wenzake wote kwenye pakiti hii. Uongo ulikuwa maabara, si kwenye mchoro. Nilimwonyesha mteja mmoja anayetembelea magongo, alikuja kuchukua Tecno yake, hakujua habari yoyote ya Hwang, akaishika na kibano muda mrefu akasema, "Hii nzuri ndugu yangu, unaniuzia?" Nkakosa la kumjibu. Nimemwambia siuzi, sikumwambia kwa nini.

Inaonekana na wao wenyewe walijifunza kidogo kuogopa. 2016 iliamuliwa kutoa stempu ya miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Park Chung-hee, yule jenerali aliyetawala miaka ya sitini na sabini, watu wakabishana vibaya sana, na Julai 2017 ikafutwa kabla ya kuchapwa. Hio stempu haipo, na kutokuwepo kwake ni habari pia.

Haya, karatasi ya BTS, ambayo ndo sababu ya hii safari yote. Ilitoka 13 Juni 2023, miaka 10 kamili tangu waanze rasmi, stempu 10 na kila moja ina jalada la albamu yao. Uchapaji safi, rangi zimekaa, meno ya ukingoni yamekatwa sawasawa. Ila kama kazi ya kubuni stempu mimi sikuvutika. Jalada lilichorwa kwa ajili ya CD au skrini, ukilipunguza liwe la ukubwa wa kidole gumba baadhi yanabaki rangi tupu na maandishi ya sisimizi. Ukiweka karibu na yule korongo unaona tofauti, korongo alichorwa kwa ajili ya hapo alipo. Nikamwambia mpwa wangu hivo. Akanijibu, "Mjomba, wewe korongo unamsoma kwa sababu umeambiwa anamaanisha nini. Mimi haya nayasoma." Akaanza, hii ndo walikuwa wadogo hawana hela, hii ndo ile dunia ilianza kuwajua, hii ndo ya wakati wa korona, mpaka akamaliza kumi zote kwa mpangilio na macho yameanza kulowa. Sawa, nkanyamaza. Bado nasema majalada ni majalada, lakini nimeshusha sauti.

Sasa malalamiko. "Zote tofauti" haikuwa kweli. Nne zilikuwa zimejirudia, tena si za bahati mbaya, mbili za korongo, moja ya Hodori, na moja ya hibiskasi. Nilimwandikia muuzaji na picha, akajibu kwa upole wa Kikorea kabisa, samahani nyingi, na hakutuma kitu. Mara ya pili samahani zikaongezeka. Ya tatu kimya. Pia mbili za zamani zimechunwa mgongoni, mtu alizibandua kwenye albamu kwa nguvu na karatasi ikabaki nyembamba, ukiziweka mbele ya taa unaona kidirisha. Kwa mkusanyaji wa kweli hio ni kasoro inayoangusha bei, na kwenye tangazo hakuitaja. Moja imegongwa muhuri mzito mpaka uso wa mtu umekuwa lami. Kwa hayo natoa nyota 4, ingekuwa 5.

Kama unataka kununua ya kwako, soma maandishi kwanza. Za Kusini zimeandikwa KOREA na jina lao la Kikorea, ukiona DPR KOREA hizo ni za Kaskazini, si mbaya, ila ni nchi nyingine na wauzaji wengine huchanganya kujaza idadi. Na usinunue ukidhani utauza kesho upate nyumba, za 1980 kuendelea zilichapwa kwa mamilioni. Ukizipata zisizotumika, ambazo gundi iko nyuma bado, Kampala hii na mvua zake usiziache wazi, mbili zangu zilishikana ndani ya wiki moja. Nimeziweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vifuko vya chumvichumvi vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za simu, kwangu viko tele.

Zile nne zilizojirudia nilizunguka nazo wiki, nimeudhika, mpaka nikamkumbuka mzee wa vitabu. Nikampa. Alimchagua korongo kwanza, akampachika kwenye kioo cha kabati karibu na picha ya mkewe marehemu. Kesho yake akaniita, ametoa bahasha ya kaki, ndani stempu mbili za zamani za posta yetu ya pamoja. Akaniambia nisome majina. Moja imeandikwa Uganda Kenya Tanzania. Nyingine Kenya Uganda Tanzania. Nkamuuliza hii ni makosa ya mchapaji?

"Makosa gani mwanangu. Walizungusha majina kila mara, asiwepo wa kusema mimi ndiye wa mwisho."

Nimeziweka kwenye kopo hilohilo, upande wa Dokdo.